Ingieni, Wageni Wetu

Shumaisi, Riyadh
9 Oktoba 2021

Dada Mwanasha,

Usishtuke kupata barua badala ya voisi. Kutwa nzima nashinda nikikata na kuunga sauti za watu, na nikifika nyumbani hata sauti yangu mwenyewe siitaki. Kwa hivyo soma, na ukijibu, nijibu kwa maandishi.

Nilikuambia niliacha kazi ya mapokezi kule hospitalini nikaingia studio. Sasa studio yetu imepewa kazi ya kutengeneza sauti za kuongoza wageni kule Al-Hijr, zile nyumba zilizochongwa ndani ya miamba karibu na Al-Ula. Mgeni anavaa visikilizio masikioni, anatembea, na sauti inamsimulia anachokiona. Lugha ni tisa, na Kiswahili kimo. Dada, nchi hii wametuzoea kwa kupika na kufagia, na leo lugha yetu iko kwenye orodha moja na Kifaransa.

Bosi wangu Nawaf, kijana Msaudi wa miaka thelathini na mbili, aliuliza nani anaweza kuandika habari za Thamud, watu wa kale wa pale, kwa Kiswahili safi. Nikamwambia ninaye. Nikamweleza vile ulikuwa ukinisimulia tulipoishi chumba kimoja hapa Shumaisi, mimi Mkristo wa Webuye nisiyejua Nabii Salih ni nani, mpaka ugali ukaungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

Utaandika, na utasoma wewe mwenyewe. Tafadhali usikatae.

Wako,
Seli


Jeddah
15 Oktoba 2021

Kwako Seli wangu,

Barua yako imenifurahisha na imeninyima raha, yote mawili.

Hili pengine sikuwahi kukuambia. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita pale na jeshi lake aliwakataza wenzake wasiingie makazi ya wale waliodhulumu nafsi zao ila wakiwa wanalia, wasije wakafikwa na yaliyowafika wao. Akajifunika kichwa, akaharakisha mwendo. Unga waliokuwa wameukanda kwa maji ya visima vya pale, wakaambiwa wawape ngamia. Kwa ajili hiyo miaka kumi na moja niko nchi hii na sijakanyaga Al-Hijr, na wanawake wa darasa langu la Jumamosi nimewafundisha hivyo hivyo.

Najua siku hizi watu wanakwenda. Nchi imefunguka, wewe mwenyewe unaendesha gari, na nimefurahi kwa ajili yako. Wapo pia masheikh wanaosema kwenda kwa mazingatio hakuna ubaya. Simhukumu mtu. Ila mimi siwezi kusimama mlangoni pale nikawa mpiga debe.

Nimefikiri siku nne. Nikaona kwamba watu watakwenda, nitake nisitake, na afadhali wamkute mtu wa kuwaambia palitokea nini. Nitaandika kwa masharti matatu. Kuuawa kwa ngamia wa Salih kusikatwe. Maneno ya Mtume yawe ndiyo mwisho, na baada yake kimya, pasiwe na muziki. Na nisisikike popote nikimwalika mtu aingie.

Muulize bosi wako. Akikubali, nitaanza.

Dadako,
Mwanasha


Shumaisi, Riyadh
17 Oktoba 2021

Dada,

Nimemwambia Nawaf masharti yote matatu. Amekubali bila neno. Anza kesho.

Seli


Jeddah
12 Novemba 2021

Seli wangu,

Pamoja na barua hii nakutumia kazi yote, kurasa kumi na moja. Nimeanza na kuinuka kwao na nimekaa hapo muda mrefu, kwa sababu watu hupenda kukimbilia adhabu. Kipande hiki kisome kwa sauti uone kama kinakaa mdomoni:

"Walirithi nchi baada ya kina Adi. Mabondeni walijenga makasri, milimani wakachonga nyumba. Walikuwa na mabustani na chemchemi, na mitende yenye makole laini. Hawakuwa wajinga. Walijua mwamba upi huikubali patasi na upi hupasuka, na walichonga kuanzia juu wakishuka, ili kila fundi asimame juu ya kazi ambayo bado haijaanza. Mgeni alipofika, mwenye nyumba alitoka mlangoni akanyoosha mkono: 'Ingieni, wageni wetu, ingieni mjionee. Hapa hapaharibiki kitu.'

"Salih alikuwa mtoto wao. Kabla hajawaambia lolote walimtumainia awe mkubwa wao. Alipowaita kwa Mungu mmoja, na kuwaambia wasiwatii wale wanaofisidi nchi, matumaini yakageuka kejeli. Wakataka ishara, wakapewa ngamia jike, na sharti lake lilikuwa moja tu: siku moja maji ni yake, siku ya pili maji ni yao."

Hapo nimeongeza neno langu mwenyewe, uniambie kama limezidi. Nimesema kwamba anguko lao lilianzia kwenye zamu ile. Maji yalikuwa yanawatosha. Kilichowauma ni kungoja nyuma ya mnyama, watu wakubwa kama wao. Kisha wanakuja wale tisa waliopanga njama, na yule mmoja waliyemwita akamuua ngamia, na zile siku tatu walizoambiwa wastarehe majumbani mwao. Halafu ukelele wa alfajiri. Mafundi wakakutwa kifudifudi ndani ya nyumba zao, na nyumba zenyewe hazina hata ufa.

Uliniuliza pia kuhusu wataalamu wanaosema kwamba michongo mingi inayoonekana leo ni makaburi ya watu waliokuja baadaye sana. Nimeliandika, sentensi mbili. Mgeni asiyelisikia kwangu atalisoma kwenye kibao, na ataniona mwongo.

Mwisho ni maneno ya Mtume, kama tulivyoafikiana.

Dadako,
Mwanasha


Jeddah
6 Desemba 2021

Seli wangu,

Nimefika salama. Kitambaa ulichonichagulia sokoni Batha majirani wamekigombea, nimekifungia kabatini.

Siku mbili zile studioni sitazisahau. Nilidhani nitatetemeka, lakini ulipokaa nyuma ya kioo ukanitikisia kichwa, nilisoma kana kwamba niko darasani kwangu. Nilicheka peke yangu ndani ya ndege nilipokumbuka ulivyonirudisha mara mbili kwenye yale maneno ya mwenye nyumba. Ukasema, "Bado ni mkavu, dada. Mfanye kama mwenye nyumba wa Lamu siku ya Maulidi, mtu awe na hamu ya kuvua viatu." Mara ya tatu ndipo ukaridhika.

Na mwisho, niliposoma yale ya kulia, nilimwona Nawaf ameinamisha macho. Kijana ana adabu. Alininunulia gahawa na akauliza habari za mama yangu.

Ile karatasi ya Kiingereza niliitia saini bila kuisoma, teksi ilikuwa inangoja na ulisema ni ya kawaida. Ukipata nafasi nitumie nakala niiweke.

Nakuombea kheri.

Dadako,
Mwanasha


Shumaisi, Riyadh
4 Januari 2022

Dada Mwanasha,

Samahani kwa kimya, kazi imenikalia shingoni. Tulienda Al-Hijr siku nne kupima sauti. Sijui nikuambieje. Asubuhi miamba ni kama mkate uliotoka kwenye jiko. Watu ni wachache na upepo unasikika. Nilifurahi pale, dada, nisikudanganye.

Habari nyingine: wamenifanya mkuu wa kitengo cha sauti. Niko juu ya wanaume watano. Mama kule Webuye amewaita majirani kuwaambia.

Nitakuandikia vizuri nikitulia.

Seli


Jeddah
20 Januari 2022

Seli wangu,

Hongera, tena hongera. Niliisoma habari yako darasani na wanawake wakapiga vigelegele. Bi Tatu wa Tanga, yule mwenye nyumba tunamokutana, alisema siku ukija Jeddah atakupikia mwenyewe. Unastahili. Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka hospitalini miguu imevimba.

Sasa nina ombi dogo. Nataka kuisikia kazi yetu kabla haijafika kwa watu. Nitumie hata kipande cha mwisho tu. Na ile nakala ya karatasi.

Dadako,
Mwanasha


Shumaisi, Riyadh
24 Januari 2022

Dada,

Nakala za sauti haziruhusiwi kutoka studio mpaka wateja wazindue, si unajua mambo ya mikataba. Lakini usiwe na wasiwasi. Kila kitu kiko vile ulisoma. Wamepunguza kidogo tu huku na kule kwa sababu ya muda. Karatasi nitaitafuta.

Seli


Jeddah
20 Februari 2022

Selipher,

Jana Bi Tatu alirudi darasani baada ya wiki mbili. Mumewe alipata kazi ya kupeleka basi la wageni Al-Ula akamchukua naye. Hakukaa mahali pake. Alisimama mbele ya wenzake kumi na wanane akaniuliza, taratibu kabisa, "Mwalimu, ulitukataza miaka yote hii. Umebadilisha lini?"

Sikumwelewa. Akasema alipofika Al-Hijr hakutaka kushuka garini. Mumewe akamwambia Kiswahili kipo, akavaa visikilizio, akasikia sauti yangu. Akashuka kwa sababu ni mimi. Akanisikia nikisimulia kuinuka kwa Thamud, makasri na mabustani, Salih na ngamia na zamu ya maji. Akangoja wale tisa, hawakuja. Ukelele haukuja. Badala yake zikaanza ngoma laini, nami nikamwambia kwa ukarimu wote, "Ingieni, wageni wetu, ingieni mjionee."

Akaingia. Wakala humo chakula chao cha mchana, wakapiga picha, akacheka. Aliniambia, "Nilijua sheria imelegezwa, maana mwenyewe amenikaribisha." Kisha akaanza kulia pale pale. Nilisema sikusema hayo. Akaniuliza, "Basi ile sauti ni ya nani?"

Kina mama wawili wamewaondoa watoto wao ninaowasomesha jioni. Mmoja ameniambia usoni kwamba nimenunuliwa.

Maneno yale ni ya wale waliokutwa kifudifudi. Niliyasoma kama maneno yao. Sasa ni yangu, na kila atakayepita pale atayasikia kutoka kinywani mwangu.

Nieleze.

Mwanasha


Shumaisi, Riyadh
22 Februari 2022

Dada Mwanasha,

Nimesoma barua yako mara tatu. Naomba unielewe. Ni wateja. Walisema watu wanakuja na familia, hawataki vifo wala vitisho, wakaagiza vikatwe, na wakaagiza mwisho uwe wa kukaribisha. Nilipigana, dada. Nilimwambia Nawaf kuhusu masharti yako tena na tena. Mimi ni mtu wa kuajiriwa tu, ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, iko mikononi mwao. Ningefanya nini?

Ile karatasi uliyosaini inawapa ruhusa ya kuhariri. Sikujua wangeitumia hivyo.

Nisamehe.

Seli


Jeddah
6 Machi 2022

Selipher,

Nilimwandikia Nawaf. Kadi yake alinipa siku ile ya gahawa. Nilimwandikia kwa Kiarabu, kwa heshima, nikamwomba awasihi wateja warudishe mwisho wangu au waondoe sauti yangu.

Amenijibu siku ya pili. Ameshtuka kuliko mimi. Anasema wateja waliagiza jambo moja tu, dakika nne zipungue, na walimwachia yeye achague zipi. Yeye akakuachia wewe, kwa kuwa hajui Kiswahili. Habari za masharti hajawahi kuzisikia, hata moja. Kuhusu ule mwisho ameandika, nakutafsiria neno kwa neno: "Wazo la makaribisho lilikuwa la Ustadha Selipher, nasi sote tulilipenda. Alituambia umelisikia na umeridhika. Tulikushukuru bila wewe kuwepo."

Nimeikunja barua yake nikaiweka pamoja na zako. Ya kwako ya tarehe kumi na saba Oktoba ina mistari mitatu. Nimeitazama mistari ile nikajiuliza kama uliiandika umekaa au umesimama.

Wateja ningewasamehe, hawanijui. Wewe ulilala kitanda cha pili miaka mitatu. Nilipokuwa na homa ulinipeleka hospitali mgongoni ngazi za ghorofa tatu. Karatasi ile niliitia saini kwa sababu kalamu ulinipa wewe.

Mwanasha Kombo


Shumaisi, Riyadh
10 Machi 2022

Dada Mwanasha, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Yote aliyokuandikia Nawaf ni kweli.

Masharti sikumwambia kwa sababu niliogopa angetafuta mtu mwingine, na nilitaka awe wewe. Nilijiambia nitayalinda mwenyewe kimya kimya, kwa kuwa mkasi niko nao mimi. Kisha ikaja habari ya dakika nne. Ningeweza kupunguza mabustani na makasri. Lakini hapo ndipo ulisoma vizuri zaidi, na mimi nilikuwa nimeshapanga sauti za maji na patasi chini yake, kazi ya wiki mbili. Nikakata wale tisa, nikakata ukelele, nikakata maneno ya Mtume wenu. Yalikuwa mwisho, yalikatika kwa urahisi.

Ikabaki hadithi isiyo na mwisho. Nawaf alisikiliza akasema kuna kitu kinakosekana, na kama hakipatikani Kiswahili kiachwe, lugha nane zinatosha. Nikaomba saa moja. Nikapitia sauti zako zote, nikafika kwenye ile mara ya tatu. Ilikuwa kana kwamba umefungua mlango wa nyumba yako. Nikaiweka mwisho, nikaweka ngoma kidogo. Wote wakaja kusikiliza, na hata wasiojua Kiswahili walitabasamu. Nawaf akasema, "Halas, imekwisha, wewe ndiye mkuu wa sauti."

Nilitaka kuandika hapa kwamba nilisahau maneno yale ni ya nani. Sikusahau. Nilikumbuka, nikaona yamependeza, nikaendelea.

Na kule Al-Hijr nilipofurahi, nilikuwa nimesimama nikisikiliza kazi yangu.

Nawaf amenirudisha meza yangu ya zamani na Kiswahili kimeondolewa chote tangu jana. Sikuombi kitu. Jumamosi ya tarehe kumi na tisa nitaendesha gari kuja Jeddah. Siji kwako. Nakuja kwa Bi Tatu na wenzake, kuwaambia mwenyewe.

Selipher Wafula


Jeddah
20 Machi 2022

Selipher,

Ulifika jana saa tisa kasorobo. Nililisikia gari, nikasikia Bi Tatu akikuambia vua viatu ukae. Mimi nilikuwa jikoni kwake, mlango umerudishwa. Wanawake walijua nipo na nikawaomba wasikuambie.

Nimesikia kila neno. Uliwasimulia tangu siku ya kwanza, hukuruka kitu na hukumsingizia mtu. Bi Tatu alipokuuliza, "Mwalimu alijua?" ulisema, "Hakujua. Nilimdanganya kwa maandishi mara tatu, na barua anazo." Kisha yule mama aliyesema nimenunuliwa akakuuliza kwa nini ulinifanyia hivyo wakati tulikula sahani moja. Nilidhani utalia ili wakuhurumie. Ukasema, "Kwa sababu nilijua atanisamehe."

Baada ya wewe kuondoka, mama yule aliomba radhi mbele ya wenzake. Mtoto wake atarudi. Wa pili bado, anasema mwalimu anayetia saini asichokisoma afundishe nini watoto, na kweli nilitia saini. Bi Tatu anafunga siku tatu kwa ajili ya kile chakula cha mchana. Nilimwambia si juu yake. Akasema anajua, lakini moyo wake utatulia.

Kisha nikawasomesha Thamud upya, kuanzia makasri mpaka asubuhi ile, nikafika mwisho wangu. Nilikomea katikati na Bi Tatu akamalizia.

Unataka kujua kama nimekusamehe. Jana ulisema ulijua nitakusamehe, na tangu hapo neno hilo limekuwa zito kwangu kuliko lilivyokuwa. Sikutoka jikoni kwa sababu ningekuona umechoka, umetoka Riyadh, muda wa saa kumi barabarani, na ningekukumbatia kabla sijafikiri. Kwa hivyo usinipigie, wala usije tena mpaka nikuandikie. Huenda nikakuandikia mwezi ujao, huenda ikawa mwakani. Sijui.

Ile chai ya maziwa uliyopewa, ukasema imekolea hiliki, si Bi Tatu aliyeipika. Niliipika mimi. Jana niliweza hilo tu.

Mwanasha Kombo